Gari huzeekea kwenye tangi

Mwaka 2018 Uganda ilirekebisha sheria yake ya usalama barabarani na kupiga marufuku kuingiza gari lililozidi miaka 15 tangu kutengenezwa. Kenya ilikuwa imeshaweka kikomo chake, miaka 8. Tanzania haikufunga mlango, inaongeza ushuru tu. Basi Toyota Corolla ileile, ya kiwanda kilekile, huhesabiwa kizee Mombasa na bado kijana Malaba. Tofauti hiyo haiwezi kuwa imetoka kwenye injini. Magari madogo ya zamani yanayohudumia Ruharo na mitaa mingine ya Mbarara, au yanayopakia watu na magunia kuelekea makazi ya wakimbizi ya Nakivale, huchakazwa zaidi na vumbi yanalovuta na mafuta yanayonyweshwa kuliko mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Na historia ya kuyatunza nyumbani, kwa sehemu kubwa, ni historia ya mafuta na vipuri.

Wengi hudhani mwenye gari hujifungulia boneti uani kwa sababu hana pesa ya gereji. Umaskini upo, lakini hautoshi kueleza desturi hii, maana hata wenye uwezo walilazimika kuijua. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na pamoja nao ikaondoka sehemu kubwa ya biashara ya magari na vipuri. Plagi na ringi zikawa bidhaa za magendo. Mwanzoni mwa 1979 vita vya Kagera vikafika Mbarara na kuuacha mji magofu. Katika miaka hiyo, kukata gasketi kutoka karatasi ngumu au kuirudisha kazini plagi iliyosuguliwa kwa msasa haikuwa ubahili. Gari ambalo mwenyewe hakulijua lilisimama, likaota majani.

Miaka ya 1990, biashara ya fedha za kigeni ilipolegezwa, mitumba ya Japani ikamiminika. Usukani wake wa kulia ulifaa barabara za Uganda bila kubadilishwa chochote. Mengi ya magari hayo bado yalitumia kabureta, na kabureta ni kifaa kinachosomeka kwa macho. Ukifungua bakuli lake unakuta tone la maji na tope jekundu chini. Unaosha kwa petroli safi, unapuliza jeti kwa pampu, unarudisha. Kosa la kawaida ni kuichokoa jeti kwa waya: tundu likitanuka kidogo tu, gari litakunywa mafuta kupita kiasi mpaka jeti ibadilishwe. Ujuzi huo ulienea kwa sababu mafuta yenyewe hayakuaminika. Uganda haina bahari, na petroli yake kwa miaka mingi imepitia Kenya. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, Januari 2008, zilitosha kukausha vituo vya Kampala. Mafuta yakiadimika, au mafuta ya taa yakiwa rahisi kuliko petroli, wachakachuaji hupata kazi. Kenya yenyewe ilikiri hivyo mwaka 2018 ilipotoza mafuta ya taa shilingi 18 zaidi kwa lita ili kuua faida ya kuchanganya. Injini ya petroli iliyonyweshwa mafuta ya taa hugonga ikipanda kilima, na plagi zake huota masizi.

Nakivale, iliyofunguliwa kwa Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950 na baadaye kupokea Wakongo, Warundi na Wasomali, inaonyesha kwa uwazi zaidi jinsi mafuta yanavyochakaza gari. Sheria ya wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi, kwa hiyo fundi aliyekuja na spana zake tu anaweza kuanza upya. Lakini mbali na vituo, petroli hununuliwa kwa chupa, lita mbili tatu, na tangi halijai. Pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na mafuta yanayoizunguka. Ikizoea kufanya kazi karibu na sakafu, hupata joto na kuvuta takataka zilizotulia hapo.

Hapo ndipo huja pingamizi: magari ya sindano za mafuta na kompyuta yameshaua ufundi wa uani. Si kweli kabisa. Kwenye Vitz nyingi chujio la petroli limehamia ndani ya tangi, na hufikiwa kwa kuinua kiti cha nyuma. Kazi imehama mahali, haijatoweka, ingawa wengi hubadilisha nozo za bei ghali kabla ya kukumbuka chujio hilo. Pingamizi la moshi lina uzito zaidi, na silipuuzi: injini iliyochoka huchafua hewa wanayovuta watoto wa shule kandokando ya barabara. Ila moshi hupimwa kwenye ekzosi, na gari la miaka 7 lililonyweshwa mafuta ya taa linaweza kutoa mwingi kuliko la miaka 20 lenye plagi safi. Breki na usukani ni suala jingine. Kwa hayo uani hapatoshi, na sheria ingefanya vyema kuanza nayo.