Tusiue, Wala Tusimwache

Leo tutazame swali zito linalozikuta jamaa nyingi kando ya kitanda: mtu wetu akiteswa na maumivu, na madaktari wakisema hatapona, je, ni huruma kumwombea sindano ya kumwua?

Swali hili si geni. Katika 2 Samweli 1, kijana Mwamaleki alimjia Daudi akidai ya kuwa amemkuta Mfalme Sauli ameumia vibaya mlimani Gilboa, naye akamwua kwa kuwa Sauli mwenyewe aliomba. Daudi hakumshukuru, alimhukumu. Lakini katika 1 Wafalme 19, Eliya naye aliomba kufa, akiwa chini ya mretemu jangwani. Mungu hakumwua, wala hakumwacha. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena.

Basi tusiue, wala tusimwache mtu. Lakini neno hili hutendwaje?

Mwaka 1948 katika hospitali moja ya London alikufa Myahudi kutoka Poland, David Tasma, ambaye hakuwa na jamaa karibu. Aliyemtembelea ni Cicely Saunders, Mkristo, aliyefanya kazi ya kusaidia wagonjwa katika shida zao. Walizungumza juu ya mahali ambapo mtu angeweza kufa kwa amani. Tasma alimwachia paundi 500, ziwe dirisha katika nyumba ambayo angeijenga.

Saunders akarudi shuleni, akahitimu udaktari mwaka 1957. Siku zile wagonjwa wengi walingoja mpaka maumivu yawalize ndipo wapewe dawa. Yeye aliwapa mofini kwa saa maalum, kabla maumivu hayajarudi. Alifundisha pia ya kuwa maumivu si ya mwili tu: kuna hofu, kuna upweke, kuna fedha zilizokwisha, kuna roho isiyo na amani. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice huko London, miaka 19 baada ya Tasma kufa. Humo humo ndimo alimofia mwenyewe mwaka 2005.

Mbegu hiyo ilifika kwetu. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, na mwaka 1993 kazi kama hiyo ikaanza Kampala, ambako wagonjwa hupewa mofini ya kunywa, hata nyumbani kwao.

Mwaka 2002 Uholanzi ilianza kutumia sheria inayomruhusu daktari, kwa masharti, kumaliza maisha ya mgonjwa aombaye. Wanaoitetea nao hutaja huruma, wala tusiwadharau. Lakini sisi twauliza: mgonjwa asemapo, "Nataka kufa," anasema nini? Huenda anasema, "Naumia." Huenda amesikia watoto wakinong'ona juu ya shamba litakalouzwa kulipa hospitali, naye anaona amekuwa mzigo.

Wala hatusemi ya kuwa kila mashine lazima itumike hata mwisho. Papa Pius XII aliwaambia madaktari mnamo Novemba 1957 ya kuwa mtu halazimiki kutumia njia zipitazo kiasi ili kurefusha maisha. Kukubali ya kuwa saa imefika si sawa na kuua.

Basi, ndugu, tukiwa na mgonjwa wa namna hii, tumwulize daktari waziwazi juu ya dawa ya maumivu. Tumgeuze kitandani, tumloweshe midomo, tuketi naye hata akiwa hawezi kusema. Mambo ya fedha tuyazungumzie mbali na masikio yake. Na kanisa lisingoje kuchanga siku ya mazishi; lichange angali hai.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemlisha Eliya alipochoka na maisha, utufanye mikono yako kwa walio karibu kuondoka. Amina.