Askari wadogo wa Lugalo: majeshi ya sanamu ya vita vya Nyanda za Juu Kusini

Askari wadogo ni sanamu za wapiganaji zenye urefu wa milimita 28, 15 au hata 6, zinazotengenezwa kwa aloi ya bati, kwa plastiki au, hapo zamani, kwa risasi. Hupakwa rangi na kupangwa mezani kwa mchezo wa vita unaoamuliwa kwa dadu na rula. Moja ya matawi yake ya zamani yenye wapenzi wengi ni vita vya kikoloni, vikiwamo vile vya mpaka wa kaskazini-magharibi wa India chini ya Waingereza. Makala haya yanahusu majeshi yaliyo karibu zaidi na msomaji wa Iringa na Mbeya, yaani yale yaliyopigana Uhehe, Usangu na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa kati ya 1891 na 1918. Yanaeleza namna ya kuyapaka rangi na kuyatunza.

Uundaji wa askari wa risasi wenye uwazi ndani ulienea baada ya kampuni ya William Britain ya London kuanza kuwauza mwaka 1893. Haukupita muda mrefu kabla orodha yake haijawa na wapanda farasi wa Bengal wenye vilemba na mikuki. Mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za mchezo, Little Wars, mwaka 1913. Mmarekani Larry Brom alitunga The Sword and the Flame mwaka 1979 kwa ajili ya vita vya kikoloni, na kanuni hizo zinatumika hadi leo kwa India, Sudan na nchi ya Wazulu. Afrika Mashariki ilipata sanamu zake nzuri kupitia mchongaji Mark Copplestone, aliyechonga mfululizo wa Darkest Africa wa Wargames Foundry. Humo wamo askari wa Kijerumani, rugaruga (wapiganaji wasio rasmi) na Waarabu wa Zanzibar. Jina la mfululizo huo limetoka kwenye kitabu cha mpelelezi Stanley cha 1890 na halifai kuendelea kutumika. Uchongaji wenyewe lakini ni wa heshima, nyuso zinatofautiana na miili ina uzito wa watu halisi.

Upungufu mkubwa uko kwa wapaka rangi. Mtu atasoma wiki nzima ajue rangi ya ukosi wa kikosi kimoja cha Punjab, halafu mashujaa mia wa Kihehe atawamaliza kwa siku moja kwa kahawia moja ya kopo. Matokeo yake mezani upande mmoja una watu na mwingine una umati tu.

Vita vinavyochezwa zaidi ni vya Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891. Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, alikuwa akiongoza msafara wa Kijerumani wa askari wapatao 320 na wapagazi wapatao 170, mizinga na bunduki za rashasha zikiwa zimefungwa juu ya punda. Walitembea kwa mstari mmoja katikati ya vichaka na majabali. Jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, linalokadiriwa kuwa na watu 3,000, lilikuwa limejificha kando ya njia, na masimulizi mengi yanamtaja Mpangile, nduguye Mkwawa, kuwa ndiye kiongozi wa siku hiyo. Zelewski na sehemu kubwa ya kikosi chake waliuawa, na bunduki karibu 300 zikaingia mikononi mwa Wahehe. Wajerumani walirudi chini ya Gavana von Schele na kuiteka ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi Julai 1898, alipojiua Mlambalasi ili asikamatwe.

Upande wa Mbeya una vita vyake. Mtawala Merere wa Usangu alipigana na Wahehe kwa miaka mingi, akafukuzwa kutoka bonde lake hadi Usafwa, kisha akaungana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa. Baadaye, mwaka 1916, majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Edward Northey yalivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakaiteka Tukuyu, yakapigana Malangali mwezi Julai na kuingia Iringa tarehe 29 Agosti.

Mwenye jeshi la India tayari hahitaji kuliacha kabatini. Harry Johnston, kamishna wa eneo lililokuja kuitwa Nyasaland, alitumia Makalasinga kutoka jeshi la India tangu 1891, na Desemba 1895 walikuwamo katika kikosi kilichoibomoa ngome ya mfanyabiashara wa watumwa Mlozi karibu na Karonga, kusini tu ya Mto Songwe. Johnston aliwavisha rangi tatu za utawala wake, nyeusi, njano na nyeupe, na hilo ni raha kwa mpaka rangi aliyechoshwa na kaki. Huko pwani, kikosi kikubwa kutoka India, kikiwa na Rajputs, Kashmir Rifles na wengineo, kilishindwa vibaya Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914.

Kazi huanza kwa kisu na msasa laini ili kuondoa mishono ya kalibu. Kisha sanamu huoshwa kwa sabuni, hukaushwa na kupigwa rangi ya kwanza, nyeusi au kahawia iliyokolea. Rangi za akriliki zinazochanganywa na maji ndizo rahisi kwa anayeanza. Rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ambayo mchoraji Edward Saidi Tingatinga aliifanya maarufu kwenye vipande vya hadibodi, hushika vizuri kwenye chuma, lakini mng'ao wake hufanya sanamu ionekane kama kigae, na inahitaji vanishi isiyong'aa juu yake.

Ngozi ndiyo sehemu ya kukaa nayo muda mrefu. Kosa la kawaida ni kuanza na nyeusi na kuipandisha kwa kijivu, na uso hutoka kama jivu. Anza na kahawia nzito yenye wekundu kidogo. Paka kahawia ya udongo kwenye paji la uso, pua, mashavu na mabega, kisha ongeza tone la njano kwenye ncha ya pua na vifundo vya vidole tu. Usitumie nyeupe kuangaza ngozi. Muhimu kuliko yote, changanya angalau namna tatu za kahawia na uzigawe ovyo jeshini, kwa kuwa hata stendi ya mabasi ya Iringa huwezi kukuta watu kumi wa rangi moja.

Nguo za biashara zilikuwa zimefika bara muda mrefu kabla ya Wajerumani. Merikani ni ya krimu, na ikivaliwa siku nyingi hugeuka rangi ya vumbi, kwa hiyo nyeupe safi ni kosa. Kaniki ni buluu iliyokaribia nyeusi, na iliyochakaa hupauka kwenye mikunjo. Ngao za ngozi ya ng'ombe zinastahili mchana mzima. Watu wa nyanda hizi walijifunza ngao kubwa na mkuki wa kuchoma karibu kutokana na Wangoni, lakini ngozi ni ya ng'ombe wa hapa, na kiongozi bora ni zizi lolote la ng'ombe wa asili: wekundu, weusi, weupe, wenye mabaka na wenye madoadoa. Chora mabaka yenye kingo za manyoya kwa brashi karibu kavu, na uache upande wa ndani wa ngao rangi ya ngozi mbichi. Mikuki, ngao na bunduki za zama hizo zinaweza kuonekana katika Makumbusho ya Mkwawa huko Kalenga, lilipo pia fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Bremen mwaka 1954, na katika Boma la Iringa, lililofunguliwa kama makumbusho mwaka 2016.

Kaki ilienea katika majeshi ya Uingereza kutoka India, ilikoanzia kwenye kikosi cha Guides kilichoundwa Peshawar mwaka 1846. Mwaka 1916 pande zote mbili, ya Waingereza na ya Wajerumani, zilivaa kaki, na mezani huchanganyikana. Tofauti ya haraka ni miguu, kwani askari wa King's African Rifles wa upande wa Waingereza walipigana peku, vitambaa vimezungushwa miguuni juu ya kifundo, ilhali askari wa Kijerumani walivaa viatu. Rangi hizi za 1916 zisitumiwe kwa Lugalo. Askari wa Kijerumani wa 1891 walirithiwa kutoka kikosi cha Mjerumani Wissmann cha 1889, wengi wakiwa Wasudani walioandikishwa Misri na wengine kutoka Msumbiji. Bunduki zao za Mauser za modeli ya 1871 zilitumia baruti ya moshi, kwa hiyo kipande cha pamba mbele ya mtutu ni sahihi kihistoria.

Kitako hupakwa gundi nyeupe ya seremala na kunyunyiziwa mchanga uliochekechwa, kisha rangi ya udongo. Majabali ya Iringa hutengenezwa kwa magome ya mti au mawe halisi, na nyumba za tembe, zenye paa bapa la udongo, kwa kadibodi.

Hali ya hewa ndiyo inayoamua uhifadhi. Iringa ina kiangazi kirefu chenye upepo na vumbi. Mbeya ina mvua nyingi zaidi, na Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Vanishi ya kupuliza ikitumika hewani penye unyevu hutoka na ukungu mweupe usiofutika, hivyo kazi hiyo ingojee siku kavu, au vanishi ipakwe kwa brashi ndani ya nyumba. Sanamu za zamani za risasi zina adui mwingine. Mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao, hasa mbichi, na kwenye mbao za kubandikwa kwa gundi, hula risasi na kuigeuza unga mweupe. Kabati jipya la msonobari wa Sao Hill linanukia vizuri na ni zuri kwa vitabu, si kwa risasi. Tumia kioo, chuma au plastiki ngumu. Unga huo ni sumu: usiupulize, nawa mikono na weka watoto mbali.

Njia bora na ya bei nafuu ni bati la biskuti. Bandika sumaku ndogo chini ya kila kitako, nazo zitashika bati bila sanamu kugusana. Sponji ya kufungashia ikigusa rangi ya mafuta huweza kunata kwenye joto na kuibandua. Mikuki ya chuma laini hupinda kwa kuguswa tu, kwa hiyo ikate na uweke pini za chuma, na siku zote shika sanamu kwa kitako. Safarini, kati ya Mbeya na Iringa au kuteremka Kitonga, pakata bati mapajani, usilitie kwenye buti la basi.

Andika chini ya kila kitako kwa penseli vita na mwaka, ili askari wa 1891 asijikute Malangali. Na paka rangi wapagazi. Lugalo walikuwa theluthi moja ya msafara, bila wao msafara usingefika mbali, na meza ya Lugalo isiyo nao haijakamilika.