Mtu ni Afya: Habari za Siha Zilipopata Baraza

Katika historia ya kupasha habari za afya nchini Tanzania, mwaka wa 1973 wastahili kukumbukwa kwa heshima, maana ndio mwaka ambao kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa kutumia Radio Tanzania na vitabu vya lugha nyepesi, iliwakusanya kwa muda wa wiki 12 watu wazima wapatao milioni 2, wakiwamo wasiojua kusoma wala kuandika.

Njia yenyewe, ya vikundi vya kusikiliza redio, haikuzuka ghafula, kwani ilikwisha kujaribiwa mwaka wa 1971 katika kampeni ya Wakati wa Furaha, ya kuadhimisha miaka 10 ya Uhuru. Walakini safari hii mambo yaliyonenwa yalikuwa maradhi ya nyumbani kwa msikilizaji mwenyewe: malaria, kichocho, safura, kuhara, kifua kikuu.

Kila kikundi kilikaa penye kivuli, redio katikati. Kipindi kilipokwisha, mmoja ajuaye kusoma aliwasomea wenziwe sura ya wiki ile, kisha kiongozi, ambaye hakuwa tabibu bali mwenyeji wa pale pale aliyepewa mafunzo mafupi pamoja na viongozi wengine zaidi ya 70,000, aliuliza: Je, hapa petu ikoje? Hapo ndipo habari ilipogeuka kuwa kazi, wakakubaliana kuchimba vyoo, kufukia madimbwi, kufyeka majani yaliyoizunguka nyumba na kuchemsha maji ya kunywa. Nami naona fadhila kuu ya kampeni ile ilikuwa katika swali hilo kuliko katika redio, kwa sababu mvuvi wa ziwani na mfugaji wa nyikani, ijapokuwa walisikia sauti moja, kila mmoja alijibu kwa hali ya kwao.

Magazeti yetu ya leo yana wataalamu wengi na picha nzuri, lakini habari zake za afya aghalabu huanza kwa waziri na kuishia kwa waziri, na mgonjwa hutajwa kwa idadi tu. Basi mhariri atakaye kuandika juu ya kichocho kandokando ya Ziwa Viktoria, na amtume mwandishi wake kwanza kwa wale wateremkao ziwani kuteka maji, ayasikilize maswali yao, ampelekee tabibu maswali hayo hayo, na majibu ayachapishe kwa maneno ambayo wao watayafahamu.