Kisumu na Njia ya Anga ya London

Mwanafunzi wa Nyamarambe aambiwapo kwamba Nairobi na London zimetengana kwa kilomita 6,800 hivi, na kwamba ndege huumaliza mwendo huo kwa saa tisa, pengine haoni ajabu. Ajabu imo katika historia, na sehemu yake ilitendeka si mbali na kwao, juu ya maji ya Kisumu.

Tarehe 28 Februari 1931 ndege ya kampuni ya Imperial Airways iliondoka Croydon, karibu na London, kufungua njia ya barua hadi Mwanza. Safari ilichukua siku kumi hivi. Mbona nyingi hivyo? Ndege zilizotumiwa kati ya Khartoum na Mwanza zilikwenda kama kilomita 150 tu kwa saa, wala hazikuweza kuchukua mafuta ya kuzifikisha mbali. Ilibidi zishuke mara kwa mara: Khartoum, Malakal, Juba, Kisumu. Jua likitua safari ilikoma, watu wakalala hadi alfajiri. Tena, kusini ya Khartoum zilihitajiwa ndege zenye umbo la mashua, ziwezazo kutua mtoni na ziwani. Hizo ndizo zilizoipa Kisumu sifa. Mji usio na bahari ukawa bandari ya ndege!

Sasa tutazame upande wa pili. Barua iliruka kutoka Kisumu ikafika Uingereza kwa siku chache; lakini mtu wa Nyamarambe aliyetaka kufika Kisumu kwenyewe alikuwa na mwendo wa zaidi ya kilomita mia moja. Aliweza kwenda kwa miguu hadi Kendu Bay, kisha akapanda meli, ikiwa alikuwa na nauli. Asipokuwa nayo, alitembea siku kadhaa. Njia ile ya anga haikufunguliwa kwa ajili yake. Ilifunguliwa ili serikali ya London ipashane habari upesi na makoloni yake, na nauli yake ilimshinda hata karani mwenye mshahara.

Mwaka 1937 zilikuja ndege kubwa zaidi za majini, na siku za safari zikapungua. Kisha, tarehe 2 Mei 1952, ndege ya Comet, ya kwanza ya injini za jeti kuchukua abiria wa nauli, ilitoka London ikafika Johannesburg kabla ya saa 24 kutimia. Ilitua Entebbe, Kisumu haikuhitajiwa tena. Uwanja wa Embakasi ulipofunguliwa mwaka 1958, Nairobi ikawa ndiyo lango.

Leo msafiri wa Nyamarambe aendaye London huanza kwa matatu, akapitia Kisii na Narok, mwendo wa saa saba au zaidi. Akikwamishwa na msongamano wa magari mjini Nairobi, huenda akawa ametumia barabarani saa nyingi kuliko atakazotumia angani kuivuka Sahara na bahari ya Mediterania.