Barafu ya Pokagon

Januari inapoingia, Ziwa James la kaskazini-mashariki mwa Indiana, Marekani, huganda, miti husimama mitupu, na giza hushuka kabla ya saa kumi na mbili jioni. Hata hivyo barabara inayotoka mji wa Angola kwenda Hifadhi ya Jimbo ya Pokagon haikosi magari. Ndani yake wamebanana watoto, mablanketi, buti na vyakula vya safari. Ni familia zinazokuja kulala siku mbili tatu Potawatomi Inn, hoteli ya hifadhi iliyo kando ya ziwa. Wengi wa wazazi hao nao waliletwa hapohapo walipokuwa watoto.

Kinachowavuta ni mnara wa mbao wenye urefu wa mita 9 hivi. Watu wanne hupanda juu na kuketi mmoja nyuma ya mwingine juu ya tobogani, ubao mrefu mwembamba uliopindwa mbele kama ulimi. Wa mbele huiingiza miguu chini ya pindo hilo, na wa nyuma huibana miguu yao viunoni mwa walio mbele. Tobogani haina usukani wala breki. Mhudumu akishaiachia, huteremka katika mfereji wa barafu wenye urefu wa zaidi ya nusu kilomita, ikipita vilima vidogo vinavyowarusha abiria kidogo kutoka ubaoni, na inaweza kufikia mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Safari nzima haifiki hata dakika moja. Kisha wanne hao huubeba ubao wao begani na kuupanda mlima upya kwa miguu, mashavu yakiwa mekundu, wakibishana nani akae mbele safari hii.

Mapumziko ya namna hii hayakuzuka yenyewe. Mwanzo wake ni Richard Lieber, mtu aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1869 na kuhamia Indianapolis mwaka 1891. Indiana ilipojiandaa kuadhimisha miaka 100 ya kuwa jimbo, mwaka 1916, Lieber aliongoza juhudi za kununua misitu na mabonde yaliyokuwa yakiandamwa na wafanyabiashara wa mbao. McCormick's Creek ikawa hifadhi ya kwanza, Turkey Run ikafuata mwaka huohuo. Lieber alishikilia mambo mawili ambayo wakati huo hayakuwa ya kawaida. Kwanza, kila mgeni alipe kiingilio kidogo, senti 10, ili hifadhi zijitegemee badala ya kuombaomba bungeni. Pili, ndani ya hifadhi pawe na hoteli, ili karani au mkulima aweze kukaa na watoto wake mahali ambapo zamani pangekuwa pa tajiri mwenye nyumba yake ya ziwani. Uamuzi huo wa pili ndio uliobeba kila kilichofuata.

Mwaka 1925 wakazi wa kaunti ya Steuben walitoa ardhi ya kandokando ya Ziwa James iwe mali ya jimbo zima. Potawatomi Inn ikafunguliwa mwaka 1927. Miaka ile ya mwanzo ilikuwa hoteli ya kiangazi hasa: kuogelea, kuvua samaki, kupiga makasia.

Burudani ya majira ya baridi ililetwa na njaa. Uchumi wa Marekani ulipoanguka, Rais Franklin Roosevelt alianzisha mwaka 1933 jeshi la kazi lililofahamika kwa herufi CCC. Liliwachukua vijana wasio na ajira kupanda miti na kujenga hifadhi. Mshahara ulikuwa dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zilipelekwa moja kwa moja kwa wazazi. Kundi la 556 lilipiga kambi Pokagon kuanzia mwaka 1934 hadi 1942. Vijana hao waliokota mawe makubwa ya mviringo yaliyoachwa ardhini na barafu ya kale, wakayapanga kuwa kuta za nyumba ya langoni na mabanda ya kupumzikia, ambayo bado yamesimama. Mwaka 1935 wakajenga mteremko wa kwanza wa tobogani. Mikono iliyoujenga ni ya watoto wa nyumba ambazo zenyewe zisingemudu kulipia chumba hotelini.

Mteremko ulitegemea hali ya hewa. Wiki moja ya joto ingetosha kuyeyusha matumaini ya familia iliyokuwa ikihesabu siku. Mabomba ya kugandisha yalipowekwa, miaka ya mwanzo ya 1970, barafu ikawa ya uhakika, na mtu akaweza kuweka nafasi ya chumba mapema akijua watoto watateleza.

Haki ya kufurahia mambo haya haikugawiwa sawa. Katika majimbo ya kusini hifadhi nyingi ziliwafungia milango Wamarekani weusi, wakatengewa chache za kwao, kama T. O. Fuller karibu na Memphis.

Na Indiana yenyewe ina deni lake, nalo limeandikwa kwenye jina la hoteli. Wapotawatomi ndio waliokuwa wenyeji wa nchi hii. Mwaka 1838 wanajeshi waliwakusanya zaidi ya 800 na kuwatembeza kwa miguu hadi Kansas. Zaidi ya 40, wengi wao watoto, walikufa njiani. Leopold Pokagon, kiongozi wa Wapotawatomi ambaye hifadhi ina jina lake na la mwanawe Simon, aliwaokoa watu wake kwa kupata ruhusa ya kubaki Michigan na kununua ardhi huko. Serikali ya Marekani iliwatambua upya wazao wao mwaka 1994 tu. Hata neno tobogani limetoka katika familia ya lugha ambayo Kipotawatomi ni mojawapo: watu wa kaskazini waliburutia mizigo na nyama ya mawindo juu ya mbao kama hizo, theluji ikiwafika magotini. Mtoto anayepiga kelele za furaha akishuka pale anastahili kusimuliwa habari hiyo jioni, mbele ya moto, glavu zake zikikauka.

Kwa miaka mingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, waliokuwa vijana wa kundi la 556 waliendelea kurudi Pokagon kukutana. Walikuja na wake zao, kisha na wajukuu, wakawaonyesha kuta na kuwaambia ni nani aliyebeba jiwe lipi.