Amri Hushuka, Taarifa Hupanda: Fomu, Vidhibiti na Kiswahili cha Lubumbashi
Katika programu za kompyuta zenye madirisha, fomu ni dirisha lenyewe. Vidhibiti ni vitufe na visanduku vilivyomo ndani yake. Fomu hukiamuru kidhibiti kijionyeshe, kijifiche au kibadili maandishi. Kidhibiti hakiiamuru fomu: hutangaza tukio tu, yaani kwamba kimebonyezwa, na fomu iliyojiandaa kulisikiliza hujibu. Ndiyo sababu kitufe kimoja huweza kutumika katika fomu nyingi bila kuzijua.

Wazo la vipengele kupelekeana ujumbe lilistawishwa na Alan Kay na wenzake wa Xerox, California, katika lugha ya Smalltalk kuanzia 1972. Mwaka 1991 Visual Basic ya Microsoft ilieneza utungaji wa programu unaofuata matukio.

Mgawanyo huo wa amri na taarifa unaonekana pia katika historia ya lugha mjini Lubumbashi, iliyoitwa Élisabethville wakati wa ukoloni. Mwaka 1986 Johannes Fabian alionyesha kwamba miongozo ya Kiswahili iliyotungwa kwa ajili ya Wazungu ilijaa amri: maneno yalishuka tu. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kilitoa historia ya mji kwa Kiswahili, iliyoandikwa na André Yav. Hapo taarifa ilipanda. Fabian aliichapisha mwaka 1990, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Miaka 25 ilikuwa imepita. Tukio lisilo na msikilizaji, katika programu kama katika historia, hupita bila jibu.