Kusoma na Kuandika ni Kazi ya Kila Somo

Katika shule zetu, KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, huchukuliwa kuwa kazi ya Darasa la Kwanza na la Pili. Mtoto akishaweza kusoma sentensi kwa sauti, husemwa kwamba amejua kusoma, na tangu hapo hakuna tena kipindi cha kumfundisha. Hata hivyo, akifika sekondari hukutana na maandishi ya namna nyingine kabisa. Ukurasa wa Baiolojia hausomwi kama hadithi, wala swali la Hisabati halisomwi kama habari ya gazetini.

Kwa kijana wa Karagwe au Kyerwa ugumu huo huongezeka. Wengi huzaliwa katika Kinyambo. Shule ya msingi, isipokuwa zile za mchepuo wa Kiingereza, humfundisha kwa Kiswahili, kama ilivyoamuliwa mwaka 1967. Akiingia Kidato cha Kwanza, karibu masomo yote hugeuka Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Miaka miwili baadaye, taarifa ya wataalamu Criper na Dodd ilionyesha kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kusomea masomo mengine. Mjadala wa lugha ungali unaendelea, lakini kijana aliye darasani leo hawezi kuusubiri umalizike.

Hatumwombi mwalimu wa Baiolojia awe mwalimu wa lugha. Tunachosema ni kwamba kila somo lina usomaji na uandishi wake, na anayeujua vizuri zaidi ni mwalimu wa somo hilo. Tuchukue mnyauko wa migomba, ambao umeyatesa mashamba ya Kagera. Mwanafunzi anayeandika kwamba mgomba unaumwa hajaandika alichokiona, ameandika hukumu yake. Afundishwe kutaja kwanza majani yaliyogeuka manjano na kunyauka, ndizi zilizoiva kabla ya wakati, na utomvu wa manjano unaotoka shina likikatwa. Baada ya hapo ndipo aseme anadhani ni nini, na kwa nini. Huo ndio uandishi wa kisayansi, na waweza kuanzia nyuma ya nyumba yao.

Katika Historia jambo ni tofauti. Speke na Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, na kitabu cha Speke kikachapishwa mwaka 1863. Kijana akisoma habari za safari ile, haitoshi akariri tarehe. Aulize: nani anaandika, anamwandikia nani, na ni nani waliokuwapo ambao maneno yao hayakuandikwa na wao wenyewe? Katika Hisabati, maneno mawili tu, “angalau” na “isiyozidi”, hugeuza swali zima, na anayeyachanganya atakosa ijapokuwa anajua kukokotoa.

Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Bristol cha Uingereza walishirikiana na wadau wengine kuandaa sura za mfano za vitabu vya Kidato cha Kwanza: sentensi fupi, maneno magumu yakiwa na maana yake kwa Kiswahili, na nafasi ya wanafunzi kuzungumza kabla ya kuandika. Mwalimu asiye na kitabu cha namna hiyo aweza kufuata njia ileile kwa ubao wake. Achague maneno matano ya mada, ayaeleze, awaache wanafunzi wajadiliane wawili wawili kwa Kiswahili, kisha kila mmoja aandike sentensi mbili kwa Kiingereza. Ni afadhali sentensi hizo mbili zenye makosa kuliko kurasa mbili zilizonakiliwa ubaoni. Daftari lililojaa notisi nadhifu hutufurahisha sisi wazazi, lakini katika Upimaji wa Kidato cha Pili hakuna ubao wa kunakili, na asiyefaulu hukariri darasa.

Mzazi asiyejua Kiingereza asijitoe katika kazi hii. Jioni amwambie mwanawe amweleze somo moja la siku hiyo kwa Kinyambo au Kiswahili. Akishindwa kulieleza, hakulielewa, hata kama amelinakili lote. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo pia, kijana aweza kupewa kazi ya kuandika kumbukumbu za kikao: nani alisema nini, kilichoamuliwa, michango iliyopokelewa. Wiki inayofuata azisome mbele ya wote, na wazee wamsahihishe alipoacha jambo au alipoandika lisilosemwa.